Kabla ya kuchagua ufukwe wa Unguja, jua ni mwezi ngapi

Ukiniuliza uende ufukwe gani wa Unguja ukapige picha, sitakutajia jina hapo hapo. Nitakuuliza kwanza unaenda lini, na tarehe ninayoitaka ni ya mwezi mwandamo, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Kwa mtu mwenye kamera, Jambiani ya mwezi 15 na Jambiani ya mwezi 8, pale pwani ya mashariki, ni kama vijiji viwili visivyojuana, japo minazi ni ile ile na mchanga ni ule ule. Wengi huanza na picha nzuri waliyoiona ya mahali fulani, wakakata tiketi ya boti, wakalipia chumba, halafu wakifika ndipo wanapoulizana bahari imekwenda wapi.

Naishi Dar es Salaam na kazi yangu ni picha, za harusi zaidi. Kwa boti ya kasi Unguja ni mwendo wa saa 2 hivi, kwa hiyo ndiko wateja wangu wengi wanakotaka kupelekwa, na ndiko ninakokwenda mwenyewe nikitaka kupiga picha zisizo na bwana harusi wala bibi harusi. Haya ninayoandika nimefunzwa na watu wa pwani kuliko nilivyofunzwa na kamera.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Jambiani mwenye ngalawa. Nilimkuta jioni amekaa kwenye kivuli cha chombo chake, anashona tanga. Nikamwamkia, tukajuliana hali kwa kirefu kama ilivyo desturi ya huko, kisha nikamweleza nia yangu: nataka ngalawa inatoka, jua linachomoza, na maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi.

"Leo mwezi ngapi, mwanangu?"

"Mwezi kumi na tano, mzee."

"Basi picha hiyo kesho huipati. Maji yanajaa saa kumi za usiku. Jua likitoka, yenyewe yanakimbia. Ngoja mwezi kumi na nane. Siku hiyo jua na maji vinakuja pamoja."

Hakugeuka hata kuitazama bahari. Aliendelea na sindano yake. Mwezi 18 alfajiri nilikuwa pale, na ikawa kama alivyosema: maji yalikuwa yamesimama chini ya minazi wakati jua linapasua, na ngalawa zilisukumwa hatua chache tu zikaelea. Tangu siku hiyo sijapanga safari ya Unguja bila kujua mwezi ni ngapi.

Bahari ya huku hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele, kwa wastani dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa mstari mmoja, na siku moja mbili baadaye ndipo bamvua inapokuwa kali: tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, yaani mwezi 7 na 8, kisha 22 na 23, huja maji mafu, na tofauti hiyo hushuka mpaka kama mita 1. Hayo yapo katika kila kitabu cha jiografia. Kinachomfaa mpiga picha ni hiki: kwa kuwa saa za maji zimefungwa na mwezi, bamvua ya Unguja hujaa karibu saa zile zile mwaka mzima. Maji hujaa mnamo saa 10 alasiri na saa 10 usiku, na hukupwa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Maji mafu ni kinyume chake: yanajaa saa 4 asubuhi na kupwa saa 10 alasiri. Ukiyashika hayo mawili, siku zilizobaki unazihesabu kwa vidole.

Sasa zitazame kama mpiga picha. Ukitaka jua linachomoza juu ya maji yaliyojaa, nenda pwani ya mashariki mwezi 3 au 4, au 17 na 18. Ukitaka ile rangi ya maji ya kijani na buluu inayoonekana kwenye matangazo, ambapo chombo kinaelea na kivuli chake unakiona mchangani chini, unahitaji jua la utosini na maji mengi kwa pamoja. Hiyo ni mwezi 10 hivi, na tena 24 au 25, maji yanapojaa karibu na adhuhuri. Walimu wa picha hutuambia tuliogope jua la mchana, na kwa sura za watu wana haki, maana macho yanageuka mashimo meusi. Lakini mwanga wa pembeni hauingii majini, unateleza juu tu. Bahari inaonyesha rangi yake kuanzia saa 4 asubuhi mpaka kama saa 8 mchana. Unguja ipo nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena mapema Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa, na kivuli cha ngalawa kinakaa chini yake moja kwa moja. Ni picha ninayoipenda sana.

Bamvua yenyewe ina zawadi zake, na nyingi zipo mashariki. Kuanzia Matemwe kushuka Kiwengwa, Pongwe, Uroa, kisha Bwejuu, Paje na Jambiani mpaka Makunduchi, mwamba wa matumbawe umesimama mbali na ufukwe, na katikati ni uwanda mpana wa kina kifupi. Bamvua ikikupwa, sehemu kubwa ya uwanda inakauka. Pale Jambiani unaweza kutembea karibu kilomita nzima kuufuata mwamba, ukikanyaga mchanga wenye mikunjo, vidimbwi vyenye viti vya pweza vyekundu, yaani samaki nyota, na majani ya bahari yaliyolala upande mmoja kama maji yalivyoyaacha.

Nakumbuka vijana wawili waliotoka kufunga ndoa, wametoka Dar kama mimi, niliwakuta Jambiani saa 4 asubuhi wamesimama kwenye ngazi ya nyumba ya wageni. Binti alikuwa amevaa gauni jeupe refu. Walitaka picha wakiwa ndani ya maji mpaka magotini, na maji yalikuwa mstari mweupe huko mwisho wa macho. Kijana alikuwa ameshakasirika na mwenye nyumba, anasema ametapeliwa, ufukwe wa kwenye picha si huu. Nikamwomba tukae kidogo. Nikamwambia, "Kaka, huu ndio wenyewe. Mwambie shemeji abadilishe nguo, mle, mpumzike, saa 9 alasiri mvae tena." Hakuniamini, nilimwona usoni. Saa 9 na nusu maji yalikuwa yameufunika uwanda wote na kufika chini ya ngazi ile ile. Jua lilikuwa limeshahamia nyuma yetu, upande wa nchi kavu, likiimulika bahari uso kwa uso, nalo gauni likawaka. Nikawapigia kwa simu yao, maana walikuja bila mpiga picha.

Nimesimulia habari za hao kwa sababu ya jua lile la nyuma. Watu wanasema pwani ya mashariki ni ya asubuhi tu kwa kuwa jua linachomozea huko. Kwa picha ya jua lenyewe, ni kweli. Kwa picha ya bahari, alasiri ndiyo bora, kwa sababu wewe na jua mnatazama upande mmoja. Chunga tu vivuli vya minazi. Kuanzia saa 10 na nusu vinaanza kutambaa juu ya mchanga kuelekea majini, na kwenye saa 11 na nusu mchanga wa karibu na majumba wote ni kivuli. Kwa sababu hiyo hiyo napenda kufika Michamvi Pingwe alasiri ya bamvua, pale kwenye mgahawa uliojengwa juu ya jiwe baharini. Asubuhi ya siku hiyo watu wanaufikia kwa miguu, na alasiri wanavushwa kwa mashua. Ukiukuta kwenye maji makavu umepata picha ya jiwe. Na usiku wa mwezi mpevu kaa hapo hapo mashariki: jua likizama nyuma ya minazi, mwezi unatoka baharini karibu saa hiyo hiyo, mwanga wa mchana haujaisha, na unaweza kupata mwezi na sura ya mtu katika picha moja bila taa.

Kwa machweo, watu wote wanatajiwa Nungwi na Kendwa, kaskazini ya kisiwa, na sina ubishi. Kendwa inatazama magharibi na kina chake huanza karibu, kwa hiyo hata bamvua ikikupwa unaogelea. Ushauri wangu mmoja tu: siku ya bamvua maji yanajaa saa 10, na jua linazama baada ya saa 12, kwa hiyo jua linapozama maji yameshateremka na kuacha mchanga uliolowa, unaoakisi anga zima. Shusha kamera mpaka karibu na ardhi. Ukitaka utulivu zaidi, kuna Michamvi Kae, ambayo ipo mashariki ya kisiwa lakini imegeukia ghuba ya Chwaka, na jua linazama mbele yako majini.

Nimetaja mchanga mara kadhaa, na huu mweupe una tabia yake. Ni matumbawe na magamba yaliyosagwa, na msagaji mmoja hodari ni samaki pono, anayeng'ata matumbawe kwa mdomo wake mgumu, akala kilichomo na kuuacha mchanga nyuma yake. Hauunguzi nyayo kama mchanga wa rangi nyeusi, lakini kamera unaidanganya. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na mchanga unatoka kijivu kama saruji. Kwenye kamera ongeza mwanga kati ya nusu stopu na stopu 1 (stopu ni kipimo cha mwanga kwenye kamera). Kwenye simu gusa skrini kwenye mchanga kisha pandisha mwangaza kidogo. Filta ya polaraiza inaondoa mng'ao juu ya maji ukaona mpaka chini, ila uizungushe taratibu, maana ukiizidisha anga linakuwa jeusi upande mmoja. Na kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi usiitoe ghafla. Joto la nje lina unyevu, na lenzi inafunga ukungu wakati jua ndiyo kwanza linatoka. Mimi huiacha ndani ya mfuko wake, nje, kama nusu saa kabla.

Kuhusu upepo, ya kujua ni mawili. Kaskazi inavuma kuanzia kama Desemba mpaka Machi, kusi kuanzia Mei hivi mpaka Septemba, na katikati yake ni masika na vuli. Kusi inapiga pwani ya mashariki kutoka baharini, maji yanachafuka kidogo na tiara za wanaoteleza juu ya maji kwa upepo zinajaa angani pale Paje. Wanaopenda picha zenye mwendo wataishukuru. Wanaotaka maji yaliyotulia, wakati huo wapande Kendwa au waje miezi ya kaskazi. Masika, Aprili hasa, mvua inaweza kukuweka ndani, ila vyumba ni rahisi, na mawingu yake juu ya bahari, siku inapokatika mvua jioni, sijayaona msimu mwingine.

Lakini sijafika kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote hayo. Maji yakikupwa pwani ya mashariki, uwanda ule haubaki mtupu. Wanawake wanashuka. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani zikiwa za mwanzo, na mpaka leo wakulima wengi ni wanawake. Ukiwa juu unaona mistari ya vigingi na kamba, na miraba ya kahawia na kijani ndani ya maji yanayofika kwenye mashavu ya miguu. Wageni huinua simu na kupiga. Ni mapambo kwao.

Siku moja ya bamvua nilimfuata bibi mmoja aliyekuwa peke yake kwenye shamba lake, amekaa ndani ya maji mpaka kiunoni, kanga yake imefungwa kwapani na nyingine kichwani. Nilisimama mbali kidogo.

"Shikamoo bibi. Pole na kazi."

"Marahaba. Nishapoa. Unataka picha?"

"Ukiniruhusu, bibi."

Akanitazama kidogo. "Piga mikono na mwani. Uso wangu uache."

Nikaweka begi kwenye kigingi, nikachuchumaa. Kamba kubwa alikuwa ameivuta juu ya magoti. Kwenye kamba hiyo kumefungwa vikamba vifupi, kila kimoja na nafasi yake. Alikuwa anachukua kishada cha mwani, kama ukubwa wa ngumi ya mtoto, anakipitisha kwenye kikamba, anafunga fundo la kulegea, anasogea. Lisikazwe, akaniambia, mwani ukikua utakatika hapo hapo na bahari itauchukua. Lisilegee mno, nalo wimbi litautoa. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekunjamana na kupauka kwa maji ya chumvi, na chini ya kucha kulikuwa na mchanga. Alikuwa anafunga bila kutazama. Aliniambia pia kwamba ule mwani mnene ndio una bei nzuri, ila maji siku hizi ni ya moto na haumei vizuri karibu na pwani kama zamani, kwa hiyo wanalima zaidi huu mwembamba wenye bei ndogo. Kisha akainua kichwa, akanionyesha kwa kidevu: maji yameanza kurudi. Sikuwa nimeona chochote. Alianza kukusanya vitu vyake, nami nikamsaidia kubeba gunia moja mpaka ufukweni. Gunia la mwani mbichi lina uzito ambao picha haiuonyeshi.

Yale maji yaliporudi ndipo nilipoelewa kwa nini hakutaka kuchelewa. Hayaji kwa mstari kutoka kwenye mwamba. Yanapita kwanza kwenye mifereji ya chini, yanakuzunguka, na ukigeuka unakuta kati yako na pwani pameshajaa. Anayetembea kwenda kwenye mwamba aanze kurudi kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, avae viatu vya mpira kwa ajili ya wale viumbe wa baharini wenye miiba mieusi, na wakulima wakianza kuondoka naye aondoke. Hao ndio saa.

Picha za mikono ile ndizo ninazoziona bora kuliko zote nilizopiga Unguja, na zimenibadilishia namna ya kuchagua mahali. Siku hizi nikilinganisha fukwe mbili, nauliza kuna kazi gani pale, na inafanyika maji yakiwa wapi. Nungwi kwa mfano, watu wanashuka kwenye daladala namba 116 na kukimbilia machweo, wakawapita mafundi wa majahazi hapo hapo ufukweni. Nenda asubuhi. Utakuta wanatia kalafati: fundi anakata pamba, anaisokota, anaipachika kati ya mbao mbili na kuigonga kwa patasi na nyundo ya mti, tak, tak, tak, ubavu mzima wa chombo. Jua la asubuhi linaingia kwenye mbavu za jahazi ambalo halijafungwa na kuchora mistari mpaka chini. Omba kwanza, kaa, zungumza, kama kuna kahawa kunywa. Mafundi hao wamechoka na watu wanaopiga na kuondoka, na ukikaa nusu saa watakusahau na utapata picha ya kazi yenyewe.

Hali kadhalika mavazi. Mbele ya hoteli kila mtu na mtindo wake, lakini fukwe hizi zinapita katikati ya vijiji vya Waislamu, watoto wanakwenda madrasa kwa njia ile ile ya mchangani. Ukimleta mtu wa kumpiga picha za kuogelea, mwambie awe na kanga ya kujifunga mnapopita kijijini. Watoto watakuzunguka wakiomba picha, nao wana wazazi wa kuombwa ruhusa. Na droni isipandishwe bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Kukifuatilia huchukua muda, kwa hiyo anza ukiwa bado nyumbani.

Mwenye muda zaidi ningemwelekeza Pemba, Vumawimbi, juu kabisa kaskazini. Unapita Konde, kisha msitu wa Ngezi, miti imefunga juu ya barabara, halafu msitu unaisha na mchanga mweupe unaanza, mrefu, mara nyingi una wavuvi tu. Unatazama mashariki, basi hesabu ya mwezi ni ile ile ya Jambiani. Hakuna duka wala kivuli zaidi ya miti ya nyuma, kwa hiyo beba maji ya kunywa na chakula. Fika mapema asubuhi, mwezi 17 au 18 kama unaweza, na ukikuta wavuvi wanavuta wavu, weka kamera chini kwanza uwasaidie kuvuta.